Maziwa ya Kabange

Bamama ba camp ya bafanyakazi balikuwa banasema mi, Mama Chileshe, niko na kinywa ya pilipili. Baseme. Ile miaka kampuni ya shaba ilikuwa inabeba bintu yote ya muzazi: mimba banakupima, unazaa ku maternité yao, mutoto akitoka unapewa beseni, sabuni na kitambaa ya kumufunika, na kila juma unamuleta kwetu ku foyer, nyumba ya kampuni ya kufundishia bamama, kupimwa kilo. Kupima ilikuwa kazi yangu. Mama mwenye kuniletea mutoto na matako muchafu, alikuwa ananisikia mpaka kwao.

Constance, bibi ya Kalenga wa fonderie, kwenye banayeyusha shaba, alizaa mapasa, batoto mbili mara moja, wakati ya baridi. Kwa Baluba majina ya mapasa haina kutafuta: mwenye kutangulia ni Kyungu, mwenye kumufuata ni Kabange. Kyungu alitoka munono. Kabange, yo, sawa kuku ya kunyonyoa! Hakukuwa na nguvu ya kunyonya, kila kitu na kijiko tu.

Masera, mtawa mwenye kuongoza foyer, aliona ule mudogo akasema apewe kopo moja ya maziwa ya unga kila juma. Maziwa ilikuwa ya batoto benye kukosa kilo, basi. Kyungu alikuwa na kilo yake, iko na ziwa ya mama yake ya kunyonya, anatafuta nini tena?

Juma ikapita, na ingine, na ingine. Kabange hapande kilo. Siku moja nilikasirika.

"We Constance, ile maziwa unaiuzisha ku soko ya mutaa yetu ya Kenya?"

Constance akaangalia chini. Mama-mukwe yake, Kambo Kapya, njo alinijibu. Alikuwa amesimama nyuma yake, alipaka batoto yote mbili pemba, ule udongo nyeupe, ku kipaji.

"Nani anauzisha? Tunabagawia. Mapasa, ukimupa huyu, unamupa na ule, kipimo moja. Ukipendelea mumoja, mwenzake anakasirika, anarudi kwenye alitokea."

"Kambo, lakini Kyungu iko munono! Anamwibia ndugu yake!"

"Wapi! We umezaa mapasa? Hata ku kifua ya mama yabo, kila mutu na upande yake. Ziwa ya kuume ni ya Kyungu, ya kushoto ni ya Kabange, hakuna kubadirisha."

Ya kushoto, vile Kabange hakuwa na nguvu ya kuivuta, ilikuwa inakauka. Na kopo ilikuwa inalala chini ya kitanda ya Kambo mwenyewe. Asubui anapima, mangaribi anapima, nusu na nusu. Muke mwenye kuolewa atasema nini mbele ya mama ya bwana yake? Kalenga naye, ukimugusia ile maneno, anavaa kofia, anaenda.

Nilienda kuona Masera, nikavuta Constance na mukono. Nilisema, mupatie kopo mbili, tumalize hii makelele. Masera hakukuwa mubaya. Alifungua kabati, akatuonyesha: makopo yalikuwa ya kuhesabu, na inje bamama balijaa, batoto yabo mifupa inje.

"Kabange anakosa kilo, anapata," alimuambia Constance. "Siku Kyungu naye atakosa, naye atapata."

Constance akaitika mbio, "Ndiyo, Masera." Nilidhani ni adabu.

Juma yenye kufuata, Kyungu alishuka kilo. Nikauliza kama iko na homa. Hana. Kama anahara. Hapana. Juma ingine akashuka tena, ngozi ya mapaja inaninginia, na Kabange bado anapumua kidogo kidogo. Kambo alisema Kyungu anafuata mwenzake, banakubaliana kurudi. Mi pia niliogopa, sitadanganya.

Masera alipoona namba, akatoa makopo mbili. Kambo Kapya akapiga vigelegele! Akatoka na makopo ku kifua, akaanza kuimba nyimbo za mapasa pale inje, zile za matusi zenye desturi inaruhusu, bamama banacheka, banapiga mikono.

Constance alibaki ndani anafunga batoto. Njo niliona blouse yake. Ililowa, lakini upande moja tu, upande ya kuume. Maziwa ilikuwa inachuruzika mpaka ku kikwembe.

"Constance. Ziwa ya Kyungu inajaa vile, na Kyungu anakonda. Mutoto unamupa nini?"

Akasema, pole pole, "Maji ya muchele. Kambo akienda ku shamba yake ya Ruashi, namupa maji ya muchele na kijiko muchana yote, mpaka anarudi."

"Ju ya nini, mama?"

"Masera alisema maziwa ni ya mutoto mwenye kukonda. Nikamukondesha." Aliniangalia ku macho, mara ya kwanza. "Nusu haitoshe Kabange. Nilimuona anakufa, Mama Chileshe, kila siku namuona. Kyungu iko na nguvu. Nikamuambia, baba, saidia ndugu yako. Anatafuta ziwa, analia, na mi nafunga kifua na kitambaa, nalia naye."

Mi, na hii kinywa yangu, nilitafuta neno ya kumutukana, nikakosa. Nilitafuta ya kumusifu, ile nayo nikakosa. Nilienda kufunga mulango.

"Kaa chini," nilimuambia. "Makopo mulishapata. Acha kumupa mutoto ile maji ya muchele. Munyonyeshe hapa, nione."

Akafungua blouse. Akamuweka Kyungu ku ziwa yake ya kuume. Kyungu akafungua kinywa, lakini hakushika. Aligeuza kichwa huku na kule, anatafuta kijiko sawa ndugu yake.

"Mungu wangu," Constance akasema.

Akakamua na vidole. Tone likaanguka ku mudomo ya mutoto, na lingine, na lingine, na inje Kambo alikuwa anaimba kwa nguvu, batoto yake sasa iko sawa.