Mwanamke wa Ndani ya Gari la Faradji

Mimi Mama Chadia nasema bila haya: mwanamke niliyemtukana miezi miwili mizima, nikamuuliza ukoo wake, nikamwombea upele, hakuwa mutu. Ngojeni niwaeleze mwenyewe, maana hapa Kabambare kila mmoja anaisimulia anavyotaka, na wengine wananiongezea maneno ambayo sikuyatamka.

Mukwe wangu Faradji ana duka la vitambaa Kasongo. Mwaka huu alinunua gari la mkono wa pili kutoka Japani, na pale mbele katikati lina kioo kama televisheni ndogo. Alipokwenda nalo Kindu kuchukua mizigo, mimi nilikuwa Kasongo kumsalimu Chadia, mwanangu, ndiye bibi yake. Chadia akampigia simu, akafungulia sauti ili na mimi nimsalimu. Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti ya mwanamke, laini, imetulia, ya mutu aliyekula akashiba: "Vous êtes arrivé." Yaani, umefika. Halafu simu ikakatika.

Umefika wapi? Kwa nani?

Chadia alitaka kupiga tena. Nikamnyang'anya simu. "Unataka akudanganye? Funga nguo zako!"

"Mama, tungoje kwanza arudi," akasema, huku analia.

Mimi na kungoja hatujuani, hata wali naupakua haujaiva. Kesho yake tukapanda pikipiki mbili, matope njia nzima, mpaka kwangu Kabambare. Na kila Faradji alipopiga simu, nilipokea mimi, nikampa habari yake na ya huyo mwanamke wake wa "umefika".

Chadia akakonda. Katika nguo zake lilikuwamo shati moja la bwana yake, eti liliingia kwa bahati mbaya. Kila wiki analifua. Nililiona kwenye kamba, shati ambalo hakuna wa kulivaa. Roho ilikuwa inanisuta, lakini nilishasema mengi mno mbele ya majirani.

Ijumaa moja baada ya sala Faradji akaja mwenyewe na gari lake. Kaka yangu Zakaria, mkubwa wa familia, akatukalisha uani.

"Yule mwanamke ni telefone," Faradji akasema. "Naiunganisha na gari, njia inaonekana kwenye kioo, na sauti inaniambia nikate wapi."

Nikacheka kicheko kibaya. "Telefone yangu iko na miaka sita, haijaniambia hata siku moja kwamba nimefika."

"Basi atuonyeshe," akasema Zakaria. "Akishindwa, Chadia habanduki hapa."

Tukaenda garini. Kabla ya kupanda nilifungua kule nyuma, nikainua turubai. Ndiyo, nilikuwa natafuta mutu! Nikakuta jeki na tairi la akiba. Zakaria akakaa mbele, mimi na Chadia nyuma. Mama mukwe hakai hivyo, magoti yake yanagusa kiti cha mukwe wake, lakini siku ile adabu tuliiacha uani.

Faradji akachomeka waya. Kioo kikajaa maandishi ya Kijapani. Akachomoa, akachomeka tena. Ikatokea ramani na mshale wa buluu. Akachagua msikiti, akaondoa gari. Tukapita soko, kimya. Tukapita shule, kimya. Jasho likamtiririka shingoni, nililiona vizuri.

"Vipi, dada yako leo anaumwa?" nikamuuliza.

Zakaria akakohoa. Mimi nikageuka nione kama Chadia amefurahi. Alikuwa amefumba macho, midomo inatembea. Mwanangu alikuwa anamwomba Mungu mashine iseme! Hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa kwamba nitashinda. Nami moyoni nikaanza: sema basi, mama, sema, nakuomba, nitakuita hata shangazi.

Gari likasimama. Faradji akainama kwenye kioo, akapiga paji la uso wake. "Loo! Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga mdomo."

"Lini?" Lilikuwa neno la kwanza la Chadia kwa bwana yake tangu Kasongo.

"Siku niliyokuta umeondoka. Sikutaka kumsikia tena."

Akagusa alama ndogo ya sauti. "Dans cinquante mètres, tournez à droite." Yaani, mita hamsini mbele, kata kulia. Zakaria akaruka kitini, akasema bismillahi. Faradji akakata kulia, na msikiti huo hapo mbele yetu. "Vous êtes arrivé."

Ni yeye! Sauti ile ile, laini, imeshiba. Nikapiga makofi, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha kile kicheko kikageuka kilio, sikukizuia.

"Mukwe wangu, nisamehe," nikasema. "Bibi yako hakukukimbia. Nilimtoa mimi."

Hakugeuka kunitazama, kwa heshima. "Mama, huyu mwanamke hata mimi simpendi," akajibu. Aibu niliyoisikia, walahi, sijapata kuisikia. Na raha pia.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe Chadia ana lake. "Ulinitoa wewe, utanirudisha wewe." Basi Jumamosi alfajiri nikapanda tena kiti cha nyuma, yeye akakaa mbele kwa bwana yake, na lile shati limepigwa pasi liko mapajani mwake.

Kwenye lile tope yule wa kwenye kioo hakuwa na faida kubwa. Yeye kwake ni kwenda moja kwa moja tu. Chadia ndiye aliyekuwa akisema, "Pita kushoto, kule kumekauka," na Faradji anapita kushoto. Hakubisha hata mara moja. Mimi nilijifanya nimelala, nikasikia wanaanza kuchekeana polepole, nikazidi kulala.

Alasiri tukasimama mbele ya geti lao, Kasongo.

"Vous êtes arrivé."

Faradji alikuwa bado ameshika usukani. Chadia akakisogelea kile kioo.

"Asante, dada," akasema. "Kuanzia hapa namwongoza mimi." Akachomoa waya.

Moyo wangu ukatua. Nikashuka kufungua geti, nikawaacha garini wawili tu.