Pezi Lililoimba

Sauti yako niliisikia kwanza majini. Ilikuwa kiangazi, saa ya upepo wa kusini, ziwa limepanda na kuwa jeupe mpaka mbali, na mimi nimesimama kwenye maji ya kiunoni karibu na mdomo wa mto Lukuga, pale ziwa letu lote linapopata njia ya kutokea. Nikainama, nikatia sikio majini. Kwanza mawe yakisagana. Kisha mchanga. Kisha wewe, Siméon, uuuuu, sauti nyembamba ya pezi nililolichonga kwa mikono yangu, ikikuleta juu ya wimbi kabla macho yangu hayajakuona.

Wenzangu wa hapa Kalemie walimjua mwanaume wao kwa mluzi nyuma ya nyumba. Mimi niliinama, nikatia sikio majini.

Jina lako hilo la ubatizo serikali ya Zaire ilikuwa imelikataza. Kwenye kadi waliandika jina la babu yako. Sawa, kadi ni ya serikali. Mdomo ni wangu, nami nilikuita Siméon.

Umesahau tulivyoanza? Mimi sisahau, njo ugonjwa wangu.

Planshi ile, ubao wa kupandia mawimbi, iliachwa na Mzungu mmoja, fundi wa mitambo, siku alipofunga masanduku yake na kuondoka. Mama Rosalie, jirani yetu, akaiokota, akaona ni meza nzuri ya kuanikia ndagala. Shida ilikuwa moja: chini yake, upande wa nyuma, kulikuwa na pezi refu limesimama. Ukiilaza mchangani inainama, na ndagala wote wanamwagika. Aka! Meza gani yenye mkia? Mama Rosalie akachukua musumeno, akalikata pezi lile mpaka shina, akaanika samaki wake misimu miwili kwa raha zake.

Wewe ulikuwa mutu wa kaskazini, wa Baraka, unakuja na boti la biashara na kurudi. Ulikuwa umemwona Mzungu yule zamani, amesimama wima juu ya maji yanayokimbia, na kitu kile hakikukutoka rohoni. Ulipoikuta planshi imejaa magamba na inzi, ulicheka. Ukampa Mama Rosalie meza ya kweli, ukaibeba planshi kichwani mpaka ziwani. Ilikuwa inanuka, Mungu wangu, njia nzima paka walikufuata.

Bila pezi ilikuwa sabuni kwenye karai. Unaisukuma huku, inakwenda kule. Nyuma inatangulia, mbele inabaki, na wewe miguu juu. Wauza samaki waliacha biashara yao waje wakuangalie.

Ndipo ulipoingia kwenye karakana ya baba yangu, Papa Bonaventure, fundi wa mitumbwi na maboti. Umelowa, umechubuka goti, unaona haya. Papa akaigeuza planshi, akaona kisiki cha pezi, akacheka mpaka akakohoa. Akaniita mimi, binti yake, ninayeshika randa tangu utoto.

«Célestine, mutengenezee huyu mukia.»

Papa alichimba mfereji mrefu kwenye tumbo la planshi, akaupigia kisanduku cha ubao, akaziba kwa pamba na lami kama tunavyoziba mitumbwi. Pezi linaingia mferejini, kabari inalikaza. Ukitaka kulibadilisha, unagonga kabari, linatoka. Kazi ya Papa ikaishia hapo. Mapezi yakawa yangu, na wewe, taratibu, ukawa wangu. Njo nilivyodhani.

Pezi la kwanza nililichonga kwa mukula, mti mwekundu, refu kama mkono mpaka kiwiko, limelala nyuma. Ukarudi umenuna.

«Inaenda sawasawa, lakini haikubali kugeuka. Iko kama mama mukubwa anaenda misa.»

Nikaenda sokoni kwa shangazi yangu. Nikashika mikia ya samaki, mmoja baada ya mwingine, nikaikunjua, nikaiangalia dhidi ya jua. Mkia wa kuhe, mkia wa sangala. Shangazi akaweka mkono kiunoni. «We mutoto, unanunua ao unaposa?» Nikacheka, na uso ukapata moto, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona mabega yako hata kwenye samaki.

Pezi la pili nikalisimamisha wima na kulipunguza kimo. Planshi ikageuka papo hapo, ikakutupa ukiwa bado unacheka. Nikalisogeza mbele mferejini kwa upana wa vidole viwili, ikawa nyepesi, ya kucheza. Nikalirudisha nyuma, ikakaza shingo. Nikaikwangua ncha mpaka ikawa nyembamba na kupindika kidogo, na wewe ukarudi mbio mchangani, ukapiga kelele kwamba ukitoka kwenye kona ncha inajinyoosha na kukusukuma. Lo, furaha ile! Kitu kidogo namna hii, nimekipunguza kwa tupa asubuhi, na mutu mzima anabadilika namna ya kutembea juu ya maji.

Jioni tulikaa juu ya maranda. Ulinieleza mawimbi kwa viganja vyako, hivi, Célestine, kisha hivi, na mimi nilishika kiganja chako kuonyesha mahali pezi linapokamata maji. Papa alikuwa anakohoa kule nje ili tujue yupo.

Na pezi lililoimba lilikuja kwa haraka yangu tu. Ulikuwa unasubiri mlangoni, wimbi lilikuwa zuri, nikaacha ukingo wake wa nyuma mnene, sikuukwangua ukawa mwembamba. Ulipoingia nalo kwenye wimbi, likaanza: uuuuu. Ulidhani ni boti. Ukageuka kuangalia nyuma ukaanguka.

Papa alijua mara moja. «Pezi linaloimba liko na kosa. Maji yanajikwaa kwenye mugongo wake. Litengeneze.»

Nikalichukua kulitengeneza, wewe ukalifunika kwa mkono.

«Liache, Célestine. Hivi utajua niko nakuja.»

Nikaliacha. Mwanamke anayeambiwa maneno kama hayo ataanza tena kutafuta tupa? Toka siku hiyo, wenzangu walipokuwa wanafua nguo mimi niliingia majini mpaka kiunoni, nikainama, nikatia sikio majini. Mawe. Mchanga. Wewe.

Ulisema kiangazi kikiisha utawaleta wakubwa wako kwa baba yangu. Ulilisema pale mlangoni, jua linakupiga usoni, na hakuna aliyekulazimisha.

Nami nilitaka kupanda. Nilikuambia. Pezi langu nililichora kwa mkaa ukutani, juu ya meza ya kazi: shina pana, kimo kirefu, limelala nyuma kidogo, lisiloteleza, lisilogeuka kwa ghafula, pezi la mutu anayejifunza na kuogopa. Kila siku ulilipita. «Kisha,» ulisema. «Mawimbi bado makali. Kisha nitakufundisha.»

Sawa. Nikangoja kisha.

Mvua ziliingia, ukaenda kwenu kwa Noeli, ukaniachia planshi nikutunzie. Niliipangusa kila wiki. Niliipaka nta. Ziwa lilikuwa tulivu, la kijivu, na mimi mjinga nilikwenda bado kuinama, nikatia sikio majini, kama vile sauti ingeweza kutoka Baraka mpaka hapa bila wewe kuwa juu yake.

Ukarudi kiangazi kingine. Mama Rosalie njo alileta habari, mikono yake imejaa magamba, hakuiosha hata.

«Célestine, mutoto wangu, kaa kwanza.»

Sikukaa. Nilisimama, nikasikia yote nimesimama. Siméon ameshuka bandarini. Siméon yuko na mwanamke. Mwanamke anaitwa Agathe, wamefunga ndoa kanisani kwao, wazazi wake na wakubwa wako wanajuana toka zamani. Mama Rosalie alikuwa analia. Mimi nilikuwa naangalia gamba moja kwenye kidole chake, lilikuwa linang'aa.

Ulikuja kesho yake. Ulisimama palepale mlangoni.

«Wakubwa walikuwa wamekwisha kupatana,» ulisema. «Mimi ningefanya nini?»

«Ungesema jina langu.»

Ukaangalia chini, kwenye maranda. Nilingoja useme kwamba ulilisema wakalikataa. Hata uongo huo ningeupokea, Siméon, ningeupokea kwa mikono miwili. Hukuusema.

Kisha ukasema jambo ulilokuja kulisema. Agathe amesikia habari za planshi. Agathe anataka kujifunza. Anaogopa kidogo, lakini anataka. Na mapezi haya mengine ni ya mutu aliyezoea, yatamwangusha. Ukainua macho, ukainua na mkono, ukaonyesha ukuta wangu.

«Lile. Utatutengenezea lile?»

Nilikuwa nimeshika randa. Niliiweka mezani polepole, kwa sababu nilijua mkono wangu unataka kufanya nini nayo.

Nikasema ndiyo. Usiniulize kwa nini. Labda kwa sababu lilikuwa pezi zuri, na mutu mwingine angeliharibu.

Nikachagua mukula usio na fundo. Nikalikata, nikalipiga randa upande mmoja, upande wa pili. Na hapa, mpenzi wangu, nikuambie ulikuwa mikononi mwangu na hukujua. Pezi la planshi lazima unene wake uwe sawa pande zote mbili. Ukilipunguza upande mmoja kidogo tu, kwa kadiri ambayo jicho haliwezi kuona, planshi itavuta upande kila wakati. Mgeni atasimama, atafurahi, na katikati ya furaha itamgeukia na kumpiga ubavuni. Atasema ziwa ni baya. Atasema yeye hawezi. Atataka kurudi kwao. Nililijua hilo kama ninavyojua njia ya kwetu. Nikaweka tupa upande wa kushoto. Nikaisikia inauma mti.

Papa alikuwa nyuma yangu. Hakuniuliza chochote juu yako, hakukutukana, na wakati ule nilitamani sana mutu akutukane.

«Célestine,» alisema, «mutu atasimama juu yake.»

Basi. Njo neno la mafundi wa maboti, Papa analisema juu ya kila ubao. Nikaigeuza tupa, nikapunguza na upande wa kulia, mpaka pande zote zikawa sawa. Nililia, ndiyo, machozi yalinidondoka juu ya mti na kuacha madoa, nikayapiga msasa.

Nikalipeleka ziwani kulijaribu kwa namna yetu, unalishika kwa vidole viwili, unalivuta majini taratibu, unasikia kama linakwepa. Halikukwepa. Lilikuwa pezi bora kuliko yote niliyowahi kuchonga, na lilikuwa la mwanamke mwingine.

Nikarudi karakanani, nikakwangua ukingo wa nyuma. Nikakwangua tena. Nikakwangua mpaka ukawa mwembamba kama ukucha wa mutoto.

Asubuhi ya upepo tukakutana mchangani. Mimi mwenyewe niligonga kabari. Pezi lako likatoka mferejini, likabaki mkononi mwangu, zito, na mimi nikaingiza lile jipya na kulikaza. Agathe alinisalimia kwa kupiga goti kidogo, kwa heshima. Alikuwa na pengo dogo kwenye meno na sauti ya mutu anayecheka kirahisi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilishindwa, na hilo pia liliniuma.

Nikaingia majini mpaka kiunoni, mahali pangu. Wewe ulibaki kule mbele, ukamlaza juu ya planshi, ukangoja wimbi, ukamsukuma. Mimi nikainama, nikatia sikio majini.

Mawe. Mchanga. Damu yangu mwenyewe ikigonga.

Nikangoja. Hakuna. Nikadhani ameanguka, nikainua kichwa, na alikuwa amekwisha kunifikia, amesimama, mikono wazi, macho makubwa, planshi ikija imenyooka juu ya maji yote yale meupe, haikwepi, haitelezi, moja kwa moja mpaka kifuani pangu. Akanirukia shingoni. Alikuwa amenikumbatia kwa nguvu zake zote.

«Aksanti, yaya! Aksanti, yaya Célestine!»

Yaya, dada yake mkubwa, mimi. Nikamshika asizame. Ningefanya nini?

Ukaja ukikata maji kwa magoti, unacheka, kisha ukaacha kucheka. Ukaiangalia planshi. Ukainama, ukagusa pezi kwa chini.

«Haliimbi,» ulisema.

«Haliimbi.»

«Kwa nini?»

«Halina kosa,» nilisema. «Lile la kosa njo lilikuwa linaimba.»

Ulinielewa. Niliona. Kwa mara ya kwanza toka urudi uliniangalia mimi, Célestine, na hukuangalia mikono yangu wala ukuta wangu. Agathe akakuvuta mkono, anataka tena, tena, haraka kabla wimbi halijapita. Ukaenda naye.

Mmekwisha kurudi kwenu Baraka, planshi imefungwa juu ya boti kati ya magunia. Mchoro wa mkaa bado uko ukutani, Papa hanihimizi kuufuta. Nachonga mbavu za maboti, nakula, nakwenda misa. Mama Rosalie ananiletea ndagala waliobaki, na kila mara ananiambia nimekonda.

Na kiangazi kimeingia tena. Leo upepo wa kusini umeamka mapema, ziwa limepanda, jeupe mpaka mbali. Nimechukua pezi lako la zamani, nimeingia majini mpaka kiunoni, karibu na mdomo wa Lukuga. Nimeinama, nimetia sikio majini, na kwa mkono wangu mwingine nimelivuta pezi lile, kwa nguvu, tena kwa nguvu zaidi, mpaka bega limeuma.

Haliimbi, Siméon. Linataka mbio, na mutu juu yake, na uzito wako.