Mchoro Haukuwa na Kosa

“Kwa mikono hii hii,” kaka yangu akasema, akaiinua yote miwili mbele ya wageni kama mtu aliyeamriwa kujisalimisha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nikaitazama hiyo mikono. Mizuri, sitasema uongo: mikono ya karani mkuu, kucha zimekatwa sawasawa, ngozi laini hata ungeweza kuifutia miwani. Haikuwa na alama hata moja ya moto. Yangu, iliyoshika sinia, ilikuwa na alama kumi na moja, na tatu kati ya hizo zilikuwa mbichi, za wiki ileile. Nikaingia. Nikaweka sinia mezani, nikamimina vikombe vinne, nikatia sukari, nikakoroga. Sikumwaga hata tone. Sasa nimezeeka, nimesahau majina ya watu niliowazika mwenyewe, lakini hilo sijalisahau wala sijajisamehe: kwamba sikumwaga hata tone.

Ile mikono iliyosifiwa haikuwahi kushika chuma cha kulehemu. Niliyeshika ni mimi. Miaka kumi na minne nilikaa meza ya tatu ya kiwanda cha redio. Bodi inakuja, unagusisha ncha ya moto, unagusisha waya wa risasi uyeyuke, unahesabu moja, mbili, unaondoa. Tone likikaa vizuri, linalala kwenye mguu wa kifaa likimeta kama shuka iliyonyooshwa. Likikaa vibaya, linafubaa, na redio itaongea leo kesho iwe bubu. Wenzangu waliniita Sindano. Kiwanda kilipofungwa nikabaki na jina na makovu, nikahamia kwa kaka, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa cha masanduku. Masanduku hayakuhama. Tulibanana.

Kaka tulimwita Msomi, na usomi wake ulikuwa na historia. Tulimaliza shule ya msingi mwaka mmoja, maana yeye alirudia darasa na mimi sikurudia. Baba akashika matokeo yetu, moja mkono huu, jingine mkono ule. Langu lilikuwa zito zaidi. Akasema nyumba moja haihitaji wasomi wawili, kama isivyohitaji milango miwili ya mbele. Kaka akaenda kusoma. Mimi nikawa mlango wa uani.

Basi Msomi akanunua mashine ya CD, sanduku jeusi la kawaida, likiimba kama lina mafua. Watu wote wenye mashine kama ile walikuwa wakisikiliza na kulala usingizi wao. Yeye hakulala. Alipata jarida la mafundi lililosema kwamba ndani ya sanduku lile kuna mashine nyingine, bora mara kumi, iliyofungwa kwa vifaa duni. Ukivitoa na kuweka vizuri, utaisikia. Akanisomea jarida zima kama mtu anayesoma wosia.

“Mdogo wangu,” akasema, “mimi nina kichwa, wewe una mkono.”

“Na miguu tukaazime wapi?” nikamuuliza.

Wifi yangu, mke wake, alicheka mpaka akakaa chini. Kaka hakucheka, lakini akatandika gazeti kwenye meza ya kulia chakula, akaniletea taa ya kusomea, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe nikasikia harufu ya risasi ikiyeyuka. Niliipenda harufu ile. Niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Tulianza Jumanne. Nikabandika vipande vya mpira wa baiskeli ndani ya kifuniko, kisitetemeke. Nikabadilisha waya wa umeme. Alhamisi tukaingia kwenye kazi yenyewe: kapasita sita kwenye njia ya sauti. Kapasita ni kikopo kidogo kama ncha ya kidole, kina miguu miwili, na ubavuni kina mstari unaoonyesha mguu wa hasi. Ukikikalisha kinyume kinavimba, na siku kikichoka kuvimba kinapasuka kama bisi. Kaka alikuwa ameunakili mchoro wa jarida kwenye karatasi yake, kwa rula, kwa wino wa rangi mbili. Kazi ya kupendeza. Na kila kapasita ilikuwa kinyume.

“Kaka, hii siyo hivi.”

“Fuata karatasi, mdogo wangu.”

Alipokwenda kuoga nikalichukua jarida. Chini ya mchoro kulikuwa na maneno madogo kama chawa, yaliyosema kwamba bodi imechorwa ikitazamwa kwa chini, upande wa risasi. Yaani kama unatazama soli za viatu: cha kulia kinaonekana cha kushoto. Msomi alitazama kwa chini, akachora kama anayetazama kwa juu, na maneno madogo hakuyasoma, kwa sababu msomi hashughuliki na madogo. Nikavipanga vikopo vyote sita inavyotakiwa. Alipotoka kuoga, maji yakimdondoka, nikamwekea kidole kwenye yale maneno. Akasoma. Akasoma tena. Akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na ugonjwa.

“Sawa,” akasema.

Jumamosi alasiri nikamaliza na kipande cha mwisho, chipu yenye miguu minane, ndogo kama mende mchanga. Tukaweka CD ya mwanamke mmoja anayeimba taratibu na gita moja tu. Tulikuwa tumemsikia mwanamke yule mara mia. Siku ile, kabla hajaanza kuimba, tulimsikia akivuta pumzi. Alikuwa mle sebuleni, kati ya kabati na dirisha, anavuta pumzi. Wifi akaacha kukunja nguo. Kaka akanishika bega, macho yamemjaa maji, akasema, “Kesho anakuja yule mwenye karakana. Nitamwambia habari zako. Nakuahidi.”

Mwenye karakana alikuwa mtu wa kutengeneza vyombo vya muziki vya kumbi na studio. Mara tatu nilikuwa nimefika mpaka mlango wa karakana yake na mara tatu nimerudi, kwa sababu mlangoni paliandikwa wanaohitaji kazi walete vyeti, na cheti changu kilikuwa kwenye ngozi. Neno moja la kaka lingetosha. Usiku ule nililala kama bibi harusi, yaani sikulala.

Ndipo ikaja Jumapili, na wale wageni watatu: mfamasia, mwalimu wa udereva, na mwenye karakana mwenyewe, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kipara. Wakamsikiliza yule mwanamke akivuta pumzi. Mwenye karakana akaomba bisibisi. Akafungua kifuniko, akashusha ile miwani ya kipara juu ya ile ya macho, akainama, akaifuata bodi kwa kidole, tone kwa tone.

“Kazi hii kafanya nani?”

Sidhani kaka alipanga kusema uongo. Nampa haki yake, na hiyo ndiyo yote nitakayompa. Sifa zilipiga hodi, akafungua mlango kama mtu aliyezoea kutembelewa. Akainua mikono, akasema alivyosema.

Mwenye karakana akatikisa kichwa. “Mwaka mzima natafuta mkono kama huu. Bahati mbaya wewe una ofisi.”

“Bahati mbaya kweli,” kaka akasema, akacheka. “Kwangu hii ni burudani tu.”

Ikapita hivyo. Kazi yangu ilipita mezani mbele ya macho yangu, juu ya vikombe nilivyomimina, ikarudi mfukoni kwa mwenye karakana. Nikamtazama kaka. Akaangalia sukari.

“Lakini ulijifunzia wapi?” mfamasia akauliza.

“Kusoma, bwana. Mtu akisoma kwa makini hakuna kinachomshinda. Hata huo mchoro wa jarida ulikuwa na kosa. Ningeufuata, vikopo vyote vingepasuka. Ilibidi nikae chini, nitafakari.”

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakuwa hata mgema. Alikuwa mnywaji aliyekuta mtungi mlangoni. Kunyang'anywa kazi nilikuwa nimeanza kukumeza, Mungu anisamehe, nilikuwa nimezoea kumeza. Lakini kuninyang'anya hata lile kosa, ambalo lilikuwa lake!

“Mchoro haukuwa na kosa,” nikasema.

Wote wakageuka. Chai ilikuwa imeongea.

“Mchoro ulikuwa sahihi. Aliyeunakili hakusoma maneno ya chini. Bodi imechorwa kwa upande wa risasi, yeye akaichora kama ya juu.”

Mwalimu wa udereva akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto aliyetaja herufi. Kaka akasema, kwa sauti laini kabisa, sauti ya kunifunika shuka, “Mdogo wangu hunisaidia. Hunishikia tochi.”

Tochi!

Sikupiga kelele. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikaleta chuma cha kulehemu, nikakichomeka ukutani. Nikang'oa waya wa umeme wa mashine, maana hasira si sababu ya mtu kufa. Chuma kikaanza kunukia. Nikaigeuza bodi, nikagusa mguu mmoja, nikagusa wa pili, kapasita ikaangukia kiganjani. Nikarudisha umeme. Yule mwanamke akaimba upande mmoja tu wa sebule. Upande wa pili, ukuta mtupu.

Nikaweka kile kikopo kwenye sahani ya kikombe mbele ya kaka. Nikamgeuzia mpini wa chuma.

“Irudishe.”

“Leo siyo siku ya kazi,” akasema.

“Miguu miwili tu, kaka. Nitakushikia tochi.”

Hakukishika. Akavuta kikombe chake mbali nacho. Mfamasia akakumbuka kwamba duka halina mtu. Mwalimu wa udereva akakumbuka mfamasia ndiye aliyemleta. Mwenye karakana akakichukua kikopo, akakitazama, akatazama mikono yangu, akafungua mdomo. Akaufunga. Akashukuru kwa chai, akamshukuru kaka, akaondoka. Neno moja, mtu mnene vile, hakuwa nalo.

Kaka akaniambia, “Umeniaibisha nyumbani kwangu.”

Wifi alikuwa ameegemea mlango wa jikoni. “Wifi,” akaniambia mimi, si yeye, “umechelewa miaka thelathini.”

Jumatatu asubuhi nilifika karakana kabla hawajafagia. Nilipita mlango ule wenye maandishi bila kuyasoma. Ni mara pekee nimefurahi kutosoma. Mwenye karakana hakushangaa. Akanipa kikuza sauti kilichokufa, akanionyesha benchi. Saa moja baadaye kilikuwa kinanguruma.

“Jana nilitaka kusema,” akaniambia. “Lakini mtu akishakunywa chai ya mwenzake, ni vigumu.”

“Ile chai niliipika mimi.”

Akacheka. Akaona sicheki, akaacha. Akavuta kiti, akakiweka kwenye lile benchi, na nilikikalia miaka kumi na tisa.

Watu hudhani hasira ni moto, kwamba ukiuacha utazimika. Yangu imekaa kama jiwe la kusagia: haizimiki, ila inatumika. Kaka na mimi tulisemezana tena baada ya mwaka, tukawauguza wazazi pamoja, tukamzika wifi yangu pamoja. Sasa tumebaki wawili katika nyumba ileile, yeye sebuleni na mimi kila mahali. Hajawahi kuitaja Jumapili ile. Nami nimemsubiri kwa adabu.

Juzi nilikuwa naosha vyombo. Mjukuu wake alipiga simu, mwanafunzi wa mambo ya umeme, anataka kujua bibi yake wa karakana alianzaje. Nikamsikia kaka akijinyoosha kwenye kiti. Nikamsikia akisafisha koo.

“Bibi yako?” akasema. “Ah, huyo nilimfundisha mimi.”

Nikaacha maji yakitiririka, nikaenda kuichukua simu.