Filta ya Bwana Harusi

Lori lilikohoa mara mbili katikati ya mlima wa Wonosobo, likazimika. Nyuma kwenye bodi, ukoo mzima uliokaa mikekani na vikapu vya zawadi za bibi harusi ukanyamaza nalo. Wiyono, bwana harusi na mwenye lori, aliujua ugonjwa ule. Filta ya dizeli ilianza kuziba tangu mwezi uliopita, na kila alipokumbushwa alijibu, baada ya harusi. Sasa ilikuwa saa mbili na robo, na wazee walikwisha piga hesabu ya siku na saa ya heri: ndoa ifungwe saa tatu, isizidi. Tena Mzee Darsono, baba wa bibi harusi, aliendesha malori miaka thelathini, na tangu posa alikuwa akisema hampi binti yake mtu asiyejua kutunza gari.

Wiyono akafungua mlango. Mama yake mkubwa, Sarinem, akamdaka mkono.

"Unakwenda wapi na batiki hiyo?"

"Kubadilisha filta, mama mkubwa. Mpya iko chini ya kiti."

"Tangu lini?"

Wiyono akatazama barabara.

"Nilijua. Bwana harusi hagusi kazi siku yake. Wewe sema, nitafanya mimi. Nimepika karamu za watu elfu, kopo hili litanishinda?"

Wiyono akasimama kando wima kama mlingoti, maana batiki aliyofungwa kiunoni ilimbana miguu na jambia la sherehe lilimkaa mgongoni. Akaelekeza: fungua ile kuukuu, paka mafuta mpira wa mpya, ijaze dizeli safi, ikaze kwa mkono. Sarinem akafanya yote bila kumwaga tone.

Baba mdogo Jumadi, aliyeshika usukani, akapiga stata. Wapi.

"Nayo inasubiri baada ya harusi," mtu akasema kutoka kwenye bodi, watu wakashika mbavu.

Hewa. Wiyono alisahau kutoa hewa iliyoingia kwenye mirija ya dizeli, jambo ambalo hata kijana wa kupokeza spana gereji halisahau. Aibu ikamwakia masikioni. Akavua jambia, akamkabidhi mama mkubwa, akapandisha batiki hadi magotini mbele ya shangazi zake wote, akachuchumaa. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akasukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikamchuruzika viganjani. Lori likanguruma.

Saa tatu kasoro dakika mbili alikuwa ameketi mbele ya Mzee Darsono. Alikwisha nawa kwa sabuni mara tatu, lakini dizeli ni dizeli. Mzee akamshika mkono, ndivyo ndoa inavyofungwa. Pua yake ikacheza. Mashahidi wakangoja.

"Filta?" mzee akanong'ona.

"Ndiyo, baba."

"Hewa ulitoa?"

"Mara ya kwanza nilisahau, baba. Nikatoa mara ya pili."

Wiyono alitamani kulia. Akangoja mkono wake uachiliwe. Mzee akaukaza zaidi, akavuta pumzi, akaanza kutamka maneno ya kumwoza binti yake, akimtaja kwa jina lake kamili.