Wachimba Makaa wa Mapokezi

Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ikianza Riyadh, Wairimu alikuwa akipangusa kioo cha picha kubwa kwenye mapokezi ya kampuni ya Kimarekani, mtaa wa Olaya, kitambaa kikatoka cheusi. Alikisuuza, akapangusa tena. Kikatoka cheusi zaidi, kwa sababu vumbi lilikuwa linatokea ndani ya picha.

Picha ilikuwa ya wachimba makaa wa mawe wa Virginia Magharibi, jimbo ambako kampuni ilianzia miaka mia iliyopita, kabla ya kuingia kwenye kemikali na baadaye kwenye mafuta ya watu wengine. Maandishi ya dhahabu yalisema wote ni familia moja.

Kabla ya saa ya chai wachimba makaa wanne walikuwa wameshatoka na kuketi kwenye sofa, kofia mapajani. Kijana wa mapokezi aliwauliza kama wana miadi. Hawakuwa nayo, akawaambia wasubiri.

Wairimu aliwapikia chai. Kwao Murang'a mgeni haachwi akae mdomo mkavu, awe ametoka wapi. Alichemsha majani na maziwa pamoja, akawamiminia. Mkubwa wao, Abel, aliinywa yote ndipo akaeleza kilichowaleta.

"Shimo lililipuka tukiwa chini," alisema. "Kampuni ikawaambia wake zetu tumetoroka, tumeenda kutafuta kazi Ohio. Nyumba zilikuwa za kampuni. Siku hiyohiyo wakatolewa nje na vyombo vyao."

Hasira ilimpanda Wairimu, maana hadithi hiyo aliijua. Maryann, mfanyakazi mwenzake aliyelala naye chumba kimoja mtaa wa Malaz, alikuwa ameanguka akisafisha vioo vya nje bila mkanda wa usalama. Mkanda ulikuwa mmoja, na siku hiyo ulikuwa jengo jingine. Kampuni ya usafi iliyowaleta kutoka Kenya ilitoa taarifa kwamba Maryann ametoroka. Mwili wa mtoro hauna wa kuusafirisha, kwa hiyo Maryann alibaki kwenye friji ya hospitali, na mama yake Nyeri akaambiwa binti yake ni mhuni. Aliyemwona akianguka ni Wairimu peke yake.

Mchana alikuja Japheth, msimamizi wa wasafishaji, Mkenya mwenzao mwenye maneno laini. Aliiruka miguu ya wachimba makaa.

"Wairimu dada yangu, kafili anafika leo kutoka Jeddah. Sema tu Maryann alitoka na hakurudi. Halas. Exit yako inatoka, unaenda home kumwona mathako."

Kafili ndiye aliyekuwa mwajiri mdhamini wao, na bila exit yake mtu hakutoka nchini. Mama yake Wairimu alikuwa mgonjwa, na hali yake haikuwa ya kungoja.

"Na nikikataa?"

"Mafi exit. Utazeekea hapa." Akatazama sofa. "Na hawa wazee wanachafua viti."

Kafili alipofika, mzee nadhifu mwenye haraka, Wairimu alisimama mbele yake kama wanavyosimama kwao kwenye mazishi kusoma wasifu wa marehemu. Alianza mwanzo, kwa utaratibu: Maryann alizaliwa wapi, ni binti ya nani, alisoma wapi, aliimba sauti gani kanisani, alikuja Riyadh kufanya nini, alikufaje. Wachimba makaa walisimama. Wengine walitoka pichani wakapanga mstari nyuma yao, kila mmoja akingoja wasifu wake.

"Anasema alitoroka," Japheth alitafsiri.

Wairimu alikuwa na Kiarabu cha jikoni na cha korido, na kwa neno hilo kilitosha. Akamwambia kafili kwamba Maryann alikufa.

Kafili alitazama saa yake, akaondoka kuwahi ndege.

Siku zilizofuata kampuni ilinunua vitambaa vyeusi vya kufunika sofa, ikawapa wachimba makaa vitambulisho vya wageni. Wakurugenzi walizoea kuwapita. Exit ya Wairimu haikutoka. Mama yake alimwambia kwa simu asiseme uongo kwa ajili yake, kisha akakohoa sana, na Wairimu akalia chooni mpaka akamaliza.

Jumapili moja alimkuta Maryann ameketi kando ya Abel, sare yake imepasuka begani. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani.

Japheth alipokuja alimpa Maryann mkono, akamuuliza kama mgongo bado unauma. Maryann akasema unauma. Kisha Japheth akamgeukia Wairimu.

"Kafili bado anangoja useme alitoroka."

"Na amekaa hapa?"

"Hata kama amekaa hapo."

"Mwambie alikufa," Wairimu alisema. "Kesho ukija kuniuliza, nitakwambia alikufa."