Nusa Wewe Kwanza

Kaka yangu aliniondoa kwenye beseni la kukandia mbele ya watu wote, na sababu aliyoitoa ilikuwa pua yangu. Alisema imekufa. Mikate ya jana yake ilikuwa imerudishwa na maduka, mikali kama siki, na kwa maneno yake mtu mwenye pua hai angejua chachu imepita wakati wake hata kabla ya kufungua kifuniko. Kisha akanionyesha dirisha la mauzo kwa kidevu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo.

"Na mwisho wa mwezi," akaongeza, "hiyo chachu yenyewe naitupa. Tutatumia hamira ya pakiti kama watu wengine."

Baba ndiye aliyeianzisha chachu ile, kwa unga na maji tu, kabla mimi sijazaliwa. Tangu hapo imekuwa ikilishwa kila siku: sehemu inaingia kwenye mkate, sehemu inabaki ndooni kuzaa ya kesho. Haifuati saa. Siku ya joto inawahi, siku ya baridi inajivuta, na anayejua imefika ni pua ya mkandaji. Baba alipokuwa kitandani siku zake za mwisho aliniita, akaniambia nisiiache ife. Kaka alipewa funguo za tanuri, mimi nikapewa ndoo. Sikulalamikia mgawanyo huo hata siku moja. Lakini ndoo yangu sikuwa tayari kuiachia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba juu ya pua hakusema uongo. Ilikuwa imeziba. Uso ulikuwa mzito, nyuma ya macho panauma, na nikiinama kuokota sinia kichwa kinagonga mpaka nashika ukuta. Nililala mdomo wazi na kuamka ulimi umekauka. Chachu ile sikuisikia harufu yake kwa sababu sikuwa nasikia harufu ya kitu chochote, hata sabuni nikiwa naoga.

Katika ukoo wetu huo hauitwi ugonjwa. "Unga ukikupenda unakaa puani," baba alikuwa akisema, na kila asubuhi wanaume wa nyumba ile walisimama mlangoni mwa kiwanda, babu, baba na kaka, kila mmoja na kitambaa chake, wakipenga kamasi na kutambiana nani kapenga kwa kishindo. Mwokaji asiyekoroma walimwona mwanafunzi. Mimi nami nilikua nikijivunia kukoroma, msichana mzima, mpaka siku niliyoondolewa beseni.

Jioni ile nilimwambia mama kwamba naenda kutafuta dawa. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

"Hiyo ni pua ya ukoo," alisema. "Umeirithi, tulia nayo."

"Hata paa la nyumba hii tulilirithi, mama. Lilipovuja tulitulia nalo?"

"Baba yako aliishi nayo mpaka akazeeka."

"Aliishi nayo. Mimi nimefukuzwa kazi kwa ajili yake."

Aliguna, akaendelea na mchele wake. Nikaenda kwa wifi yangu.

Wifi yangu, mke wa huyo huyo kaka, ni muuguzi kwenye kliniki ya mtaa wa pili. Tunataniana tangu alipoolewa. Yeye huniita Pilipili na mimi namwita Mwizi wa Kaka. Lakini siku ile hakunitania. Alinipeleka kwa daktari wao, naye daktari akanimulika kurunzi puani pande zote mbili, akasema hakuna nyama iliyoota, ni uvimbe tu, vumbi la unga limeichokoza ngozi ya ndani kwa muda mrefu. Nivae barakoa nikichekecha unga. Na asubuhi na jioni nisafishe pua kwa maji ya chumvi.

"Maji puani?" nilimuuliza wifi tulipotoka. "Nikizama je?"

"Umewahi kumwona mtu kazama kwenye kikombe?"

Akanipa chupa mbili mpya za kubinya, zenye mdomo mwembamba. Moja ilikuwa na kifuniko chekundu, nyingine cha buluu.

"Nyekundu ni yako. Usichangie na mtu, na uioshe kila ukimaliza. Maji yachemke kwanza, kisha yapoe yabaki vuguvugu. Usithubutu kutia ya bomba hivi hivi."

"Na hii ya buluu?"

"Ya kaka yako, siku akipata akili. Nimemwambia mpaka nimechoka. Wewe unadhani nalala na mume? Nalala na mashine ya kusaga."

Nikazipeleka zote mbili kiwandani, nikaziweka kwenye rafu juu ya sinki, pembeni ya mizani, na yangu nikawa nairudisha nyumbani kila jioni. Nilitaka azione kila anapokwenda kunawa mikono. Akaziona. Tangu siku hiyo akawa ananawa haraka haraka.

Sasa kosa langu. Wifi alisema chumvi nusu kijiko cha chai kwenye kikombe kimoja. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini mkono wangu umetia chumvi kwenye unga miaka yote bila kijiko, mkono unajipimia wenyewe, na asubuhi ya kwanza nikiwa jikoni kwetu mkono ukajipimia kama kawaida yake. Maji yenyewe niliyajaribu kwenye kifundo cha mkono, kama tunavyoyajaribu ya kukandia, na hapo sikukosea. Nikainama juu ya sinki, nikageuza kichwa upande, nikafungua mdomo, nikabinya.

Mwenyezi Mungu anisamehe maneno niliyotoa. Pua iliwaka moto mpaka utosini, machozi yakanitoka, na mama akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeungua.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema alipoelewa.

"Guu langu zima, mama. Ni chumvi imezidi."

"Pua si bomba la jikoni, mwanangu."

"Basi leo imekuwa bomba."

Nikachemsha maji mengine. Nikasubiri yapoe huku pua inaniwaka, nimekasirika, nimekasirikia chumvi, kaka, dirisha lake la mauzo, na wanaume wote waliowahi kupenga kamasi mlangoni wakacheka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Safari hii nilipima kwa kijiko, nikakisawazisha kwa kisu. Nikainama, nikapumua kwa mdomo, nikabinya taratibu. Maji yakaingia tundu la juu na yakatokea tundu la chini, hayaumi, vuguvugu tu, yakiwa yamebeba vitu ambavyo sitavieleza mbele ya watu wanaokula. Mama alisimama mlangoni akiangalia. Hakuondoka mpaka nilipomaliza na kupenga polepole.

"Yametokea upande wa pili," alisema, kama mtu aliyeona mazingaombwe.

Haikufunguka siku ile. Wala kesho yake. Nilikaa dirishani nikiuza mikate ambayo sikuikanda, nikimsikia kaka nyuma yangu akiilisha chachu kwa kufuata saa ya ukutani, na kila nilipomsikia nilitamani kuvunja ile saa. Wateja walikuwa wananiuliza kama nimehamishwa. Nilijibu niko likizo. Jioni narudi kwenye sinki, asubuhi narudi kwenye sinki, na Koleo, mzee anayetia na kutoa mikate tanurini kwa lile koleo refu la mbao lililompa jina, akawa ananisalimia, "Umeshaoga pua?" Nilimjibu, "Nimeoga. Na wewe?"

Kilichoanza kurudi ni usingizi. Niliamka asubuhi moja mdomo umefungwa, nikabaki nimelala nikivuta hewa kwa pua kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Kisha uso ukapungua uzito. Kisha, nikiwa dirishani, mteja mmoja akaweka chungwa mezani ili atafute pesa mfukoni, na nikalisikia. Chungwa. Nilimwangalia yule mtu nikitabasamu mpaka akashika chungwa lake akalirudisha mfukoni.

Siku hiyo hiyo nikamfuata kaka chumba cha kukandia. Zilikuwa zimebaki siku chache mwezi uishe.

"Pua yangu imefunguka," nikamwambia. "Nirudishie beseni langu, na chachu isiguswe."

"Pua haifunguki kwa maji ya jikoni."

"Hii imefunguka."

Alinitazama, kisha akatazama wakandaji wengine waliokuwa wameacha kukanda. Kaka yangu hapendi kuonekana mkatili. Alipenda zaidi kuonekana anatenda haki.

"Sawa," alisema. "Tutajua."

Mchana ule aliita kila mtu. Juu ya meza aliweka mabakuli matatu yaliyofunikwa kwa vitambaa. Katika moja, alisema, kuna chachu iliyolishwa sasa hivi, bado imelala. Katika jingine kuna iliyopita wakati. Katika jingine kuna iliyofika. Macho yangu yatafungwa. Nikiitambua iliyofika, nitarudi kwenye beseni. Nikishindwa, nirudi dirishani, na chachu isingojee mwisho wa mwezi.

Alikuwa na kitambaa cha kunifunga macho tayari mkononi. Na pale alipokuwa anakuja kunifunga nikasikia anavyopumua. Mdomo wazi. Kifua kinakwaruza. Ni pumzi ya baba kabisa, pumzi niliyokua nayo nikadhani ndivyo wanaume wanavyopumua, na nikashangaa kwamba katika miaka yote sikuwahi kujiuliza swali jepesi namna ile: je, yeye mwenyewe anasikia harufu?

"Nusa wewe kwanza," nikamwambia.

"Nini?"

"Wewe ndiye mwamuzi. Mwamuzi lazima ajue jibu."

"Najua jibu. Mimi ndiye niliyeyapanga."

"Basi geuka ukutani, Koleo ayapange upya. Halafu unuse."

Hakuna aliyecheka. Kaka alitazama watu, na watu wakamtazama. Angeweza kukataa, yeye ndiye mwenye funguo. Lakini nimesema hapendi kuonekana mkatili, na siku ile kukataa kungeonekana kitu kibaya zaidi ya ukatili. Akageuka ukutani. Koleo akabadilisha mabakuli, taratibu, kwa heshima, kama anatoa mikate.

Kaka akajifunga macho mwenyewe. Akainamia bakuli la kwanza, akavuta pumzi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kiti kinachoburutwa sakafuni. Akaenda la pili, akavuta. La tatu. Akarudi la kwanza. Shingo ilikuwa inamtoka jasho. Nyani haoni kundule, nilitaka kumwambia, nilikuwa nimeuandaa msemo huo tangu siku aliyonionyesha dirisha kwa kidevu. Lakini alipoinama mara ya pili juu ya lile la tatu, akakaa pale muda mrefu, pua inakaribia kugusa unga, msemo ulinikauka mdomoni.

Akakivua kitambaa.

"Sisikii kitu," alisema. "Sijasikia harufu ya mkate wetu tangu kabla baba hajafa."

Hakuniambia mimi. Aliliambia bakuli.

Nilikichukua kitambaa mkononi mwake, nikajifunga mwenyewe, na nikamwomba Koleo ayachanganye tena. Nilitaka iwe haki tupu. Nikasikia mabakuli yakikwaruza meza. Nikainama.

La kwanza lilinipiga kwa siki, kali, imechoka. La pili lilikuwa unga na maji, halina habari. Nikaenda la tatu, nikavuta pumzi kwa tundu moja lililo wazi na jingine lililo nusu, na nikasimama pale pale. Ilikuwa tamu kidogo, kama tunda lililoiva leo, na chini ya utamu huo uchachu mdogo unaochoma kwa mbali, na ilikuwa aproni ya baba, ilikuwa mikono yake ikinifunga viatu vya shule. Machozi yalinitoka ndani ya kile kitambaa na sikuona haya.

"Hili," nikasema.

"Ndilo," akasema Koleo, aliyemwona kaka akiyajaza.

Nilipovua kitambaa watu walikuwa wameanza kurudi kwenye kazi zao, wakijifanya wana haraka. Kaka alikuwa bado amesimama mahali pale pale. Alinisogelea, na kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mdogo anayeomba kitu kwa mkubwa, akaniuliza:

"Inanukaje?"

Ningeweza kumwambia. Maneno nilikuwa nayo yote, aproni, tunda, viatu vya shule. Nilimpenda sana kaka yangu dakika ile, na hasira nilikuwa nayo vile vile, haikwenda popote.

"Sikuambii," nikasema. "Njoo sinki."

Nikaishusha chupa ya buluu kwenye rafu na kuiosha kwa maji ya moto. Kwenye chupa ya chai nilikuwa na maji niliyoyachemsha asubuhi, sasa yamebaki vuguvugu. Nikapima chumvi kwa kijiko, nikakisawazisha. Kaka alivua saa yake ya mkononi akaiweka pembeni ya mizani.

"Nitazama," alisema.

"Huzami. Inama. Mdomo wazi."

Akainama. Yule aliyenionyesha dirisha kwa kidevu akaweka kidevu chake juu ya sinki langu, na nikambinyia. Alikohoa, akatema, akapiga ukingo wa sinki kwa kiganja, na maji yakatokea upande wa pili. Akapenga. Akabaki ameinama, uso unamdondoka matone.

"Bado sisikii kitu," alisema.

"Kesho tena."

Koleo alikuwa mlangoni na koleo lake begani. "Bosi," akauliza, "na mwisho wa mwezi? Hamira ya pakiti niipangie wapi?"

Kaka alijifuta uso kwa kile kitambaa cha kufungia macho. Aliitazama ndoo ya baba pale chini ya meza, kisha akanitazama mimi.

"Usiipange," alisema. "Mpaka niinuse hii mwenyewe."