Paka wa Mayimuna na Sufuria ya Karoti

Katika kambi nzima ya wafanyakazi ya Shituru hakuna mwanamke aliyeijua karoti kunishinda mimi, Émérence. Mara ya kwanza kuipika nilitwanga majani, na mizizi nikawatupia sungura wa jirani.

Msinicheke. Kwetu kitu kikiota, mtu hutazama majani kwanza: sombe ni majani ya muhogo, matembele ni majani ya viazi vitamu. Basi fwaye walipotupatia mbegu (fwaye ilikuwa ile nyumba ambamo kampuni iliwafundisha wake wa wafanyakazi kushona na kupika), nilipanda tuta zima nyuma ya nyumba, nikangoja majani. Nikayatwanga kama sombe, nikatia mawese, nikampelekea mume wangu Cyrille na bukari, ugali wetu, ya moto. Alitafuna muda mrefu. Halafu akatoka nje, akaapa mbele ya wenzake wa kiwandani waliokuwa wakipita kwenda zamu:

"Minye nikikula tena karoti, muniite Sungura!"

Aliyeniokoa ni jirani yangu Mayimuna, mke wa dereva Aruna. Aliichukua ile mizizi kutoka kwa sungura wake, akaikaanga na kitunguu, akanipitishia sahani juu ya ua.

"Mama Émérence, weye ulikula nguo, ukatupa mutu!"

Toka siku hiyo nikajifunza. Karoti changa haimenywi, isugue kwa kitambaa tu. Mbichi niliikwaruza kwa kopo la maziwa nililolitoboa kwa msumari, nikakamulia limau na kunyunyiza chumvi. Ya kuchemsha niliitia maji kidogo mno, kifuniko juu, iive kwa mvuke wake na utamu usikimbie. Lakini iliyopita zote ni ile ya karanga za kutwanga na kitunguu, juu ya makaa yenye moto mdogo. Mpaka leo harufu hiyo ikinipata, naiona barabara ya kambi: sireni inalia, wanaume na baiskeli zao, na shuka zetu nyeupe zikigeuka rangi ya vumbi kabla hazijakauka. Tulilalamika sana siku hizo. Sasa nazitamani hata zile shuka chafu. Cyrille naye ametutoka, huu mwaka wa kumi, na bado naacha kijiko kimoja sufuriani, cha paka. Mtaelewa.

Mwaka wa sabini na nne, fwaye wakatafuta mwanamke mmoja wa kumsaidia monitrisi, yaani mwalimu wa mapishi. Blauzi nyeupe, na watu kukuita mwalimu! Mimi niliishia darasa la sita. Nilivyoitaka ile blauzi, hata katika sala nilimkumbusha Mungu vipimo vyangu.

Monitrisi, kwenye karatasi, alikuwa na jina la mababu, kwa kuwa serikali ilikataza majina ya Kizungu. Sisi tulimwita Madamu Mélanie, kwa kunong'ona. Alionja karoti zangu akalamba kijiko. Kisha akasema:

"Émérence, nasikia bwana yako anakataa karoti. Kama yako mwenyewe anakataa, weye utafundisha banamuke bengine nini? Ijumaa nitakuya kwako, nimuulize yeye. Akisema hajakula, nitatwaa mwingine."

Nikabaki na siku nne. Jumatatu nikaandaa mbichi na limau. Cyrille akasukuma sahani.

"Hii ni salongo ya meno!"

Salongo ilikuwa ile kazi ya lazima ya Jumamosi, ya jasho bila asante. Jumanne nikampa ya kuchemsha, akasema hajalazwa hospitali. Jumatano nikaleta ya karanga. Akainusa. Akainusa tena. Akamalizia bukari yake kwa chumvi tupu, mtoto wa watu, macho ukutani.

Ajabu ni kwamba kila asubuhi, Cyrille akishakwenda zamu, nilikuta sufuria imepungua. Nikaenda uani kumshtaki paka wa Mayimuna.

"Paka yangu?" akasema Mayimuna. "Paka yangu anakula samaki, Mama. Hakusoma fwaye."

Sikumsadiki. Alhamisi jioni nikapika tena ya karanga, nikatwangia ndani pilipili nane, zile ndogo zisizomsahau mtu upesi. Paka na ajifunze. Ijumaa asubuhi sufuria ilikuwa inang'aa. Mtu alikuwa ameifuta pembeni kwa kidole. Nikajiuliza, paka ana kidole?

Saa nane mchana Madamu Mélanie akaketi kwenye kiti chetu kizuri, daftari magotini. Nyuma ya ua alisimama Mayimuna, paka mkononi, masikio yao manne yote juu. Cyrille akaingia kutoka kiwandani na gameli yake, lile kopo lake la chakula. Hata hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akanywa vikombe vitatu. Midomo ilikuwa imevimba, macho mekundu.

"Pole na kazi, Papa Cyrille," akasema Madamu. "Karoti ya muke yako, ulishaikula?"

Cyrille akatazama mlango, kama vile wenzake wote wa zamu walikuwa wamesimama pale wakingoja kumwita Sungura.

"Hata moja. Toka ile siku ya majani, haki ya mama yangu. Hata kuonja!"

Madamu akafunga daftari. Niliiona blauzi yangu ikisimama kuondoka. Nikaitazama ile midomo, nikazikumbuka pilipili zangu nane, nikainamisha kichwa kama mjane.

"Anasema kweli, Madamu," nikasema. "Tena bora hakuionja. Ile ya jana nilisahau chumvi, na karanga ziliungua."

Kikombe kikagonga meza.

"Nani anasema ziliungua?" Cyrille akafoka. "Karanga ilikuwa muzuri, na chumvi ya kutosha! Chenye kilizidi ni pilipili!"